Bunduki ya babu ina chapa gani? Kusoma alama za silaha za Vita ya Mjerumani, na hatari ya kuzificha

Kila msimu wa kusafisha mashamba ya mikorosho, kuna ujumbe wa aina moja unaorudi kwenye simu ya studio yetu. Mtu yuko shambani, jembe limegonga chuma. Anachimbua, anakuta mtutu wenye kutu, au makopo ya risasi yaliyoshikana na udongo. Mwingine anabomoa nyumba ya marehemu babu, na juu ya dari anakuta bunduki ndefu iliyofungwa kwenye gunia. Swali la kwanza ni lile lile: "Hii ni ya Mjerumani?" La pili halikawii: "Ina thamani gani?"

Mara nyingine, kabla swali halijafika kwetu, limeshamfikia dalali. Naye dalali ana jibu tayari. Atasema chapa fulani ina soko nje ya nchi, taji fulani linamaanisha bunduki ya ofisa, herufi fulani zinaonyesha palipofukiwa rupia. Familia inakaa na chuma kile miezi, ikisubiri mnunuzi asiyefika. Siku ikifika gari, huenda likawa la polisi.

Tumeona tuandike makala hii ili msikilizaji wetu wa Ndanda, Masasi, Newala na vijiji vya jirani aisome kwa nafasi yake kwenye simu. Tutaeleza bunduki hizi zilifikaje kwetu, alama zake zinasomwaje, zinasema nini na hazisemi nini, na mtu aliyeikuta afanye nini.

Kwa nini ziko huku kwetu

Bunduki za zamani katika eneo letu hazikuja kwa mkupuo mmoja. Zilikuja kwa awamu, na kila awamu ina chapa zake.

Awamu ya kwanza ni ya biashara ya misafara, karne ya 19. Ulaya ilipokuwa ikibadilisha silaha za majeshi yake, bunduki zilizopitwa na wakati ziliuzwa Afrika kwa wingi. Nyingi za upande wetu zilipitia Unguja, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu, mpira na watumwa. Balozi mdogo wa Uingereza pale Unguja aliripoti mwaka 1888 kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Ndiyo asili ya magobole mengi ya wazee wetu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika, lakini magobole yalikuwa yameshaenea.

Wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, wapiganaji wa kusini walikuwa na mikuki, mishale na magobole hayo. Vita hiyo ndiyo iliyounguza misheni ya Nyangao, na baadaye, mwaka 1906, Wabenediktini wakahamia Ndanda. Baada ya kuwashinda wananchi, Wajerumani walidai silaha zisalimishwe. Zilizofichwa zikabaki zimefichwa.

Awamu ya pili ni Vita Kuu ya Kwanza, ambayo wazee wetu wengi huiita tu Vita ya Mjerumani. Hapa ndipo eneo letu lilipojazwa vyuma. Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie ilipenya vizuizi vya Waingereza ikaingia Ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, ikiwa na mizinga, bunduki na mamilioni ya risasi. Mzigo wote ulibebwa vichwani na mabegani na wapagazi kupelekwa bara.

Septemba mwaka huo huo Wareno walivuka Ruvuma, na Oktoba wakaiteka Newala. Mwishoni mwa Novemba Wajerumani wakawafukuza, wakachukua silaha walizoziacha. Mwaka uliofuata vita ikahamia kwetu moja kwa moja. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 palipiganwa Mahiwa na Nyangao, vita iliyokuwa miongoni mwa mbaya kuliko zote katika Afrika Mashariki. Upande wa Waingereza, ambao askari wake wengi walikuwa Waafrika kutoka Nigeria na askari wa Keya pamoja na Wahindi, ulipoteza kwa vifo na majeraha takriban watu 2,700. Wajerumani walipoteza kati ya 500 na 600.

Tarehe 10 Novemba Waingereza wakaingia Ndanda, ambako Wajerumani walikuwa na hospitali ya majeruhi. Jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akarudi nyuma kupitia Chiwata na Newala, akawaacha wagonjwa na majeruhi, akavuka Ruvuma. Tarehe 25 Novemba alivamia kambi ya Wareno pale Ngomano, ng'ambo ya mto, akapata bunduki na risasi mpya. Siku tatu baadaye kikosi kingine cha Kijerumani kilichokuwa kikimfuata, chini ya Kapteni Tafel, kikajisalimisha karibu na Ruvuma kwa njaa na uchovu.

Yote hayo yalifanyika ndani ya wiki sita, katika njia ambayo leo ni ya bodaboda na malori ya korosho. Jeshi linalorudi nyuma haliachi tu makaburi. Linaacha bunduki zilizovunjwa, risasi zilizofukiwa na silaha za watu waliofia porini.

Awamu ya tatu ni ya ukombozi. Kuanzia mwaka 1964 FRELIMO walipigana na Wareno ng'ambo ya Ruvuma, wakiwa na kambi kubwa ya mafunzo Nachingwea. Silaha za wakati huo ni za aina nyingine kabisa, na tutazigusa mwishoni mwa orodha.

Alama zinasomwaje

Bunduki ya jeshi ina sehemu tatu za kutazama. Ya kwanza ni chuma kilicho juu ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Ya pili ni ubavu wa chuma hicho. Ya tatu ni kitako cha mbao na bati lake la nyuma. Tunazieleza ili uelewe ukiona picha, ukienda makumbusho, au ukikaa na mtu anayekudanganya. Hatuzielezi ili uanze kusugua chuma ulichokiokota. Tutarudi kwenye hilo.

*Za Mjerumani.* Vita ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Kijerumani katika Afrika Mashariki hawakuwa na bunduki ya kisasa. Walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, inayopiga risasi moja moja, yenye mdomo mpana wa milimita 11, na inayotumia baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu zito la moshi linakuonyesha ulipo. Kwenye ubavu ina maandishi ya Kijerumani cha kale, ya kupindapinda, yanayoishia na 71.

Bunduki mpya zaidi ni Mauser ya mwaka 1898. Hii inabeba risasi tano na haitoi moshi wa kukufichua. Juu ya chemba ina taji la Kaizari, chini yake jina la mji wa kiwanda kama Spandau, Danzig, Erfurt au Amberg, kisha mwaka. Ubavuni kuna maandishi yale yale ya kale yakimalizikia na 98. Namba kamili ipo kwenye mtutu, na tarakimu mbili za mwisho za namba hiyo hupigwa tena kwenye vipande vidogo vidogo, hata kwenye skrubu. Hivyo mtaalamu hujua kama vipande vyote vilizaliwa pamoja au vimeokotwa huku na kule.

*Za Mwingereza.* Askari wa Keya na wenzao walibeba bunduki ya aina ya Lee-Enfield, inayotumia risasi ambayo wazee wengi huijua kwa jina la "tirii-noti-tirii". Alama yake kuu ipo upande wa kulia, kwenye bati lililozunguka shingo ya kitako. Kuna taji, herufi za mfalme au malkia, jina la kiwanda, mwaka na toleo. V.R. ni Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901. E.R. ni Mfalme Edward wa Saba, hadi mwaka 1910. G.R. ni Mfalme George.

Hapa wengi hukosea. Wafalme wawili waliofuatana kwa karibu walitumia jina la George, wa Tano na wa Sita, kwa hiyo G.R. peke yake inaweza kuwa ya mwaka 1915 au ya mwaka 1943. Ni lazima utazame mwaka. Bunduki nyingi za aina hii zilibaki mikononi mwa polisi na askari wa wanyamapori miongo mingi baada ya vita. Kwa hiyo Lee-Enfield iliyokutwa Masasi si lazima iwe imepigana Mahiwa.

Enfield ni kiwanda cha serikali karibu na London. B.S.A. ni kampuni ya Birmingham. Ishapore ni kiwanda cha India, karibu na Calcutta. Lithgow ni Australia. Mshale mfupi mpana, kama alama ya unyayo wa kuku, ni alama ya mali ya jeshi la Uingereza. Mshale huo ukiwa ndani ya herufi U ni wa Afrika Kusini. Ukiwa ndani ya herufi C ni wa Kanada. Na mishale miwili iliyogusana kwa ncha ina maana kwamba bunduki ile iliondolewa jeshini na kuuzwa.

*Za Mreno.* Hizi ndizo zinazochanganya watu wengi wa Newala. Bunduki rasmi ya Mreno ilikuwa Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904. Juu ya chemba ina taji na herufi za Mfalme Carlos wa Kwanza. Ubavuni imeandikwa DWM, Berlin. Msomaji akiona Berlin anasema hii ni ya Mjerumani. Kumbe ni ya Mreno, iliyotengenezwa na kiwanda cha Ujerumani kwa agizo la Ureno miaka kadhaa kabla nchi hizo mbili hazijapigana.

Taji nalo lina kisa chake. Mfalme Carlos aliuawa mwaka 1908, na mwaka 1910 Ureno ikawa jamhuri. Askari walioingia Newala mwaka 1916 walikuwa wa jamhuri, lakini mikononi walibeba taji la mfalme aliyekufa, lililopigwa chapa na kiwanda cha adui yao.

Wareno walikuwa pia na bunduki ya zamani zaidi, Kropatschek ya mwaka 1886. Hiyo imeandikwa Steyr, mji wa Austria, ambayo nayo ilikuwa upande wa Mjerumani katika vita ile.

*Magobole.* Gobole hujazwa baruti na risasi kwa mdomo wa mbele. Mengi ya kale yana alama mbili kuu. Taji na neno Tower huonyesha bunduki za Uingereza au nakala zake. Herufi ELG na nyota ndani ya duara la yai ni muhuri wa ukaguzi wa mji wa Liège, Ubelgiji, ambao uliuza silaha za biashara kwa Afrika nzima. Lakini gobole lisilo na alama yoyote ni la kawaida pia. Mafundi wetu wa chuma walitengeneza, na wengine hutengeneza hadi leo, kwa bomba la maji na mbao ya mninga.

*Za miaka ya ukombozi.* Silaha za Kisovieti huwa na nyota yenye mshale ndani, ya kiwanda cha Tula, au pembetatu yenye mshale, ya kiwanda cha Izhevsk. Za Kichina huwa na pembetatu yenye namba ndani, kama 26 au 66. Ukiona alama hizi, usipoteze muda kuuliza historia. Hiyo ni silaha inayoweza kuua leo jioni, na dola itakuuliza imetoka wapi.

Chapa inasema ilikozaliwa, haisemi ilikoishi

Hapa ndipo tunapotaka msomaji akae kidogo. Chapa ni kama cheti cha kuzaliwa. Inakwambia kiwanda na mwaka. Haikwambii nani aliibeba, nani ilimuua, wala nani aliificha darini.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni wa jeshi la Wajerumani lenyewe. Novemba 1914, pale Tanga, waliwashinda Waingereza na kuokota bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Tangu hapo waliishi kwa kunyang'anya. Baada ya Mahiwa risasi za kisasa za Kijerumani zilikuwa zikiisha. Baada ya Ngomano walijizatiti kwa silaha za Kireno. Na tarehe 25 Novemba 1918, siku waliposalimisha silaha pale Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, jenerali wao alikabidhi bunduki 1,071. Kwa maelezo yake mwenyewe, zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Hapakuwa na bunduki ya kisasa ya Kijerumani hata moja.

Maana yake ni nini kwetu? Bunduki yenye G.R. iliyokutwa Chiwata inaweza kuwa ilibebwa na askari wa Mjerumani. Bunduki ya Berlin iliyokutwa Newala inaweza kuwa ya Mreno, kisha ya Mjerumani, kisha ya Keya aliyeiokota. Na mikono iliyoshika bunduki hizo zote, kwa pande zote, ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Waafrika: Wanyamwezi, Wasukuma, Wayao, Wanigeria, watu wa Nyasa. Taji ni la Ulaya, jasho ni la kwetu.

Kwa hiyo kinachobeba historia si chapa peke yake. Ni chapa pamoja na mahali. Bunduki ikiwa pale ilipolala, kina kile, karibu na handaki lile, na magamba ya risasi yakiizunguka, inaweza kumwambia mtafiti nani alisimama wapi. Ikishang'olewa na kupelekwa mjini kwenye gunia, inabaki chuma chenye maandishi.

Ganda tupu la risasi nalo husema mengi, na ndicho kitu kinachookotwa zaidi mashambani. Ganda la Mwingereza lina ukingo uliotokeza chini, kama kisahani. La Mauser ya mwaka 1898 halina ukingo huo, lina mfereji kuzunguka. La Mauser ya mwaka 1871 ni nene kama kidole gumba. Chini ya ganda kuna herufi. K ni kampuni ya Kynoch ya Birmingham. R na L zenye mshale katikati ni kiwanda cha serikali cha Woolwich. Ukiona mstari wa maganda ya Kiingereza upande mmoja wa korongo na ya Kijerumani upande wa pili, umesimama katikati ya vita.

Lakini tutofautishe ganda na risasi nzima. Ganda ni tupu, lina tundu wazi. Risasi nzima, kombora la mzinga au bomu la mkono havijafa kwa sababu tu vimezeeka. Kutu hulegeza viungo vya ndani. Usikiguse, usikigonge, usikitupe motoni.

Dalali na hadithi ya mali ya Mjerumani

Kusini yetu ina hadithi nyingi za hazina zilizofukiwa na Wajerumani walipokuwa wakikimbia. Hatuwezi kumkataza mtu kusimulia. Lakini tumsaidie apime.

Alama za bunduki ziliwekwa kiwandani, Ulaya, kabla silaha haijapanda meli. Fundi wa Spandau mwaka 1905 hakujua kama kuna mlima Chiwata. Hawezi kuwa ameandika kwenye chuma palipofukiwa rupia za mwaka 1917. Anayekwambia taji linaelekeza kwenye hazina anakuuzia ndoto, na mara nyingi atakuomba fedha ya "vifaa vya kupimia" au "dawa ya kufungulia".

Je, hakuna wakusanyaji wa bunduki za kale Ulaya na Marekani? Wapo, na wengine hulipa vizuri. Lakini wanalipia vitu vitatu. Kwanza, hali nzuri ya chuma na mbao. Pili, namba zinazolingana kwenye vipande vyote. Tatu, na hili ndilo kubwa, karatasi halali za kuonyesha bunduki ilitoka wapi na kwa ruhusa ya nani. Bunduki iliyolala ardhini karne nzima, imeliwa na mchwa na kutu, haina karatasi hata moja, haikidhi hata sharti moja. Hakuna mnunuzi halali anayeweza kuitoa Masasi. Anayeitaka bila karatasi anaitaka kwa sababu nyingine: aitengeneze iwindie tembo, au itumike kuvamia watu.

Ujue pia kwamba chapa inaweza kughushiwa. Mpakani mwa Pakistani na Afghanistan kuna mafundi ambao kwa zaidi ya miaka 100 wametengeneza nakala za bunduki za Kiingereza zikiwa na taji na kila kitu. Hugundulika kwa makosa ya herufi, N iliyogeuzwa, au mwaka usiolingana na herufi za mfalme. Kupiga muhuri kwenye chuma si kazi ngumu.

Sheria inasemaje

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, namba 2 ya mwaka 2015, inataka kila anayemiliki silaha awe na leseni. Kukaa na bunduki au risasi bila leseni ni kosa, na mara nyingi mashtaka yake husomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi. Maneno "ni ya babu", "nimeiokota" au "haifanyi kazi" si leseni. Gobole la kienyeji limewafikisha watu wengi kizimbani, wakiwemo wakulima waliokuwa wakilinda mahindi dhidi ya nguruwe na ngedere.

Kwa sisi wa mpakani jambo hili lina uzito wa ziada. Tangu Oktoba 2017 ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, kuna vita ya wanamgambo. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilivamiwa. Katika hali hiyo, ofisa anayekuta bunduki ndani ya nyumba hana sababu ya kuanza na historia. Anaanza na usalama. Tusimlaumu kwa hilo, tujiepushe sisi.

Njia ya kusalimisha ipo. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Nchini kwetu, mwaka 2023 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza msamaha kuanzia Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Vipindi vya namna hii hutangazwa rasmi, nasi tukivipata tunavisoma hewani. Sikiliza tangazo la mwaka husika, usitegemee la mwaka uliopita.

Ukiikuta, fanya hivi

Kwanza, iache ilipo. Usiivute, usiisugue kwa msasa, usiimwagie mafuta, usijaribu kufungua komeo lake. Bunduki ya kale inaweza kuwa na risasi ndani, na kusugua hufuta alama zile zile unazotaka kuzijua.

Pili, wazuie watoto, weka alama ya kijiti au jiwe mbali kidogo, na kumbuka mahali hasa.

Tatu, mwambie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, akiwepo shahidi, siku hiyo hiyo. Yeye ataita polisi. Usiibebe mwenyewe njiani, hata kama nia yako ni kuipeleka kituoni. Ukisimamishwa barabarani nayo, utakuwa unajieleza ukiwa umeishika.

Nne, kama ilikuwa ya marehemu na imekutwa ndani ya nyumba, wanafamilia wakubaliane na kutoa taarifa kwa pamoja. Tafuteni kama mzee aliacha karatasi ya leseni ya zamani. Wapo waliokuwa na leseni halali za magobole tangu enzi za mkoloni. Karatasi hiyo inasaidia sana maelezo yenu.

Tano, ikichukuliwa, omba hati ya makabidhiano yenye maelezo ya silaha na tarehe.

Sita, usiweke picha kwenye magrupu ya WhatsApp kuuliza bei. Picha hiyo inasafiri kuliko wewe.

Kabla ya moto, daftari

Tumalizie na hoja yetu kwa wenye mamlaka. Silaha zinazosalimishwa nchini mwisho wake huwa ni kuteketezwa, kama ilivyofanyika Kigoma mwaka 2017 ambako maelfu ya silaha haramu zilichomwa hadharani. Tunaunga mkono. Silaha iliyoyeyuka haiwezi kurudi mtaani.

Lakini kwa eneo letu tunaomba hatua moja ndogo kabla ya moto. Bunduki inayoonekana ni ya Vita ya Mjerumani iandikwe: chapa, mwaka, namba, na zaidi ya yote kijiji na mahali ilipokutwa. Ofisa utamaduni wa wilaya awe pale na simu yake apige picha. Haihitaji bajeti. Inahitaji dakika 10 na daftari. Zile chache zilizo katika hali nzuri, zikishaharibiwa zisiweze kufyatua, zingeweza kukaa makumbusho ambako mtoto wa shule ya Nangoo au Kitangari angeziona.

Kwa nini tunajali? Wazungu waliopigana hapa waliandika vitabu. Majina yao yapo kwenye mawe ya makaburi. Wapagazi waliobeba mzigo wa Sudi, waliokufa kwa makumi ya maelfu nchi nzima kwa kuhara, njaa na uchovu, hawakuandika. Mama zetu wa zamani ambao ghala zao zilikombwa na majeshi yote matatu, la Mjerumani, la Mreno na la Mwingereza, hawakuandika pia. Tulichobakiwa nacho ni simulizi za wazee, ambao wanaondoka, na vyuma vilivyo ardhini, ambavyo tunaviuza kwa madalali wa vyuma chakavu.

Kwa hiyo msikilizaji, ukikuta chuma chenye taji usiulize bei. Uliza wazee wa pale: babu zenu walisema nini kuhusu mahali hapa? Andika jibu. Kisha mpigie mtendaji. Chuma utakikabidhi serikalini, na simulizi uliyoiandika itabaki kwa wajukuu zako.